Mkono Pamba na Mpira Usiopigika

Kuna wasusi wanaovuta nywele mpaka nyusi zinapanda juu, na mteja anatoka saluni na sura ya mtu aliyepewa habari za kushtua. Yeye hakuwa wa namna hiyo. Wateja wake walisinzia. Wengine walikoroma. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mkono Pamba, na hata mumewe, fundi wa kupiga plasta, akiulizwa mke wake ni nani alijibu, "Si yule Mkono Pamba?" kana kwamba na yeye amesikia tu kwa watu.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na mahali wanapochapisha kadi za harusi. Ndani mlikuwa na viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, benchi la wanaosubiri, na redio ndogo ambayo hakuna aliyeisikiliza na hakuna aliyethubutu kuizima. Hapo ndipo nywele zake mwenyewe zilipoanza kuota mvi, chanuo likiwa mdomoni, vidole vikienda vyenyewe huku yeye akisimulia habari za watu. Hakuwa na haja ya kutazama mikono yake. Alitazama barabarani, asipitwe na kitu.

Balaa lilimpata kwenye mkutano wa chama cha wasusi. Ajenda ilikuwa moja tu: kununua viti vipya vya ukumbi. Mkono Pamba aliona ni ubadhirifu mtupu. Akasubiri zamu yake ya kusema, ikafika, akainuka kwa hasira huku amejishikiza pembeni mwa kiti, awaambie wenzake kwamba viti vilivyopo havina tatizo lolote. Kiti kilikuwa cha chuma, cha kukunja. Kikajikunja. Mwili wote ukasimama, kidole gumba cha mkono wa kulia kikabaki ndani.

Hoja ya viti vipya ilipita bila mtu kupinga.

Hospitali walimwambia ukano wa kidole umekatika. Wakamshona, wakamfunga plasta. Mumewe aliikagua plasta ile kwa macho ya kifundi, akaigonga kidogo, akasema kazi si mbaya ila pembeni hawakusawazisha. Ilipokuja kutolewa, kidole kilikuwa pale pale mkononi lakini hakina habari na mwenyewe. Akikiamrisha kijikunje, kinamtazama. Daktari akampeleka kwenye chumba cha mazoezi ya viungo.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita dirisha la dawa. Kilikuwa na magodoro ya bluu sakafuni, mipira ya raba ya kila ukubwa, vyuma viwili virefu vya kushikilia wanaojifunza kutembea upya, na runinga ukutani. Mwenye chumba alikuwa mwanamume mrefu, mpole, wa sauti ya chini, aliyeinama kila alipopita mlangoni hata pale mlango ulipokuwa mrefu kuliko yeye. Mkono Pamba akamwita daktari.

"Mimi si daktari, mama. Mimi ni mtaalamu wa viungo."

"Haya, Mtaalamu. Nitengenezee kidole nirudi kazini."

Jina likamganda.

Siku za mwanzo Mtaalamu alimpa mpira wa kuminya na vibanio vya nguo vya kubana kwenye waya na kubandua. Mkono Pamba alibana, akabandua, akabana tena. Kidole kikaanza kuamka taratibu, lakini mwenye kidole akawa anakufa kwa kuchoka.

"Hivi mimi nimekuja kutibiwa au nimekuja kuanika?" aliuliza siku moja, na kibanio kimoja kikarukia dirishani.

Mtaalamu akawaza, akaenda kabatini, akatoa mashine ya gemu. Wafadhili fulani waliileta zamani pamoja na viti vya magurudumu, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu: besiboli. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kwa lugha ambayo herufi zake zilifanana na mageti na madirisha. Alichokijua Mtaalamu alikuwa amekiokoteza mwenyewe, na hakikuwa kingi.

"Huyu anarusha, wewe unapiga," alieleza, akimwekea mikononi pedi, kile kidude cha kuchezea gemu. "Kijiti hiki cha kushoto kinasogeza duara. Unalipeleka pale unapoona mpira utapita. Halafu kwa kidole chako kinachoumwa unabonyeza kitufe hiki, gongo linazunguka. Basi."

"Basi?"

"Basi, mama. Ni zoezi la kidole tu."

Runinga ikawaka. Katikati ya uwanja lilisimama jitu la ndevu, linatafuna. Likamtazama Mkono Pamba usoni, likageuza kichwa, likatema mate.

"Ananitemea mate huyu?"

"Hapana mama, ndivyo walivyo."

"Mbele ya watu? Na huyu aliyechuchumaa hapa nyuma yangu ana nini, tumbo?"

"Huyo anadaka. Nadhani."

"Nadhani!"

Ndevu akainua mguu mmoja, akajikunja. Mkono Pamba akasogeza duara, na gongo likazunguka huku mpira bado uko mkononi mwa mrushaji. Ulipokuja, mpigaji wake alikuwa ameshamaliza, anajifuta jasho.

"Mapema mno, mama."

Mara ya pili ikawa mapema zaidi. Mara ya tatu gongo lilizunguka wakati Ndevu bado anajikuna shingo. Maandishi makubwa yakatokea, na mpigaji akaondoka kichwa chini.

"Ametoka," alisema Mtaalamu. "Yaani wewe umetoka."

"Nimetoka wapi? Si nimekaa hapa?"

Ilipokuja zamu ya kurusha, hapo hakuwa na shida yoyote. Kurusha kulitaka kitufe kimoja, na yeye alikibonyeza kwa ule wepesi wake wa mkono, mpira ukaenda polepole, laini, kama unaomba radhi. Wapigaji wa mashine walishindwa kuuvumilia. Walizungusha magongo yao kabla haujafika, wote, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka wakitikisa vichwa. Kwa hiyo mechi zake zote zilikuwa bila kwa bila. Ziliendelea hivyo, bila kwa bila, mpaka muda wake unakwisha na Mtaalamu anazima umeme.

Kwenye vile vyuma viwili alikuwapo mzee aliyebadilishiwa goti. Ujanani alikuwa refa wa mpira wa miguu, na hakuona kwa nini sheria zibadilike eti kwa sababu mpira umekuwa mdogo.

"Ameotea huyo!" alipiga kelele, amening'inia kwenye vyuma. "Mtaalamu, ameotea, nimeona kwa macho yangu!"

"Mzee, tembea."

"Nitatembeaje na dhuluma kama hii?"

Mkono Pamba alirudi nyumbani siku ya kwanza akicheka. Siku zilizofuata hakucheka. Alijaribu kubonyeza kwa nguvu, akajaribu kwa kidole cha shahada, akajaribu kufumba macho. Alijaribu kumsemesha Ndevu kwa heshima, "Haya baba, rusha basi taratibu," halafu akajaribu matusi ya chinichini. Kuna siku alikibonyeza kitufe kwa kidevu, na Mtaalamu, ambaye hakuwa mtu wa kukemea wagonjwa, ikabidi amkumbushe kwamba kidevu chake hakikuwa na ugonjwa wowote. Mambo yote yalikuwa yale yale: duara likisogea tu, gongo limeshazunguka.

Jambo hili lilimkaa rohoni. Akikata vitunguu anamwona Ndevu. Akifagia, fagio linajigeuza gongo. Kinachouma, alimweleza mumewe, si kushindwa. Yeye ameshashindwa mambo mengi, hata ndoa ilimshinda mwanzoni. Kinachouma ni kushindwa na vidole.

Mumewe alikuwa mtu wa vitendo. Jumapili mchana, wamemaliza kula, akaviringisha soksi zake zikawa kama mpira, akasimama upande wa pili wa sebule.

"Shika rimoti. Mimi nakurushia, wewe bonyeza soksi zikikufikia. Tutajua tatizo liko wapi."

"Rimoti haina kijiti."

"Gumba la kushoto lisogeze tu hivyo hivyo, kama unalo duara."

Akarusha. Mkono Pamba akasogeza gumba la kushoto, na runinga ikahama stesheni soksi zikiwa bado hewani. Akarusha tena, ikahama tena. Ilikuwa saa ya taarifa ya habari. Waziri alianza sentensi, ikamaliziwa na mwanamke wa tangazo la sabuni, kisha simba akamkamata nyumbu, kisha waziri akarudi akiwa amekwisha kuahidi kitu ambacho hawakukijua. Soksi zilimpiga Mkono Pamba puani, zikampiga begani, mwisho zikaangukia kwenye mtungi wa maji.

Mumewe akaacha kurusha. Akasogea, akapiga magoti mbele yake kama anavyofanya mbele ya ukuta wenye ufa.

"Hebu weka rimoti chini. Nyanyua gumba la kushoto."

Akanyanyua.

"La kushoto peke yake, nimesema."

"Ndiyo nimenyanyua la kushoto peke yake."

"Hebu tazama."

Mkono Pamba akaitazama mikono yake. Magumba yote mawili yalikuwa yamesimama sawasawa, kama watoto wanaojibu swali darasani. Akashusha la kushoto. La kulia likashuka, kwa unyonge kidogo kwa sababu ya ugonjwa, lakini likashuka. Mumewe akamfunga la kulia kwa uzi wa kupimia ukuta ili lisisogee, na la kushoto nalo likakataa kwenda popote.

Maisha yake yote ya kusuka, mkono wa kulia haujawahi kwenda mahali bila wa kushoto, wala wa kushoto kugeuka bila wa kulia kujua. Unywele huu juu, ule chini, pamoja, pamoja, kutwa nzima.

"Kumbe sina mikono miwili," alisema Mkono Pamba. "Nina mmoja wenye matawi."

"Ndiyo maana mistari yako inanyooka," alisema mumewe, kwa nia ya kumfariji, akaenda kuopoa soksi mtungini.

Sasa huko saluni mambo hayakuwa shwari. Aliyemshikia kazi alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye bidii, mwenye jicho kali, na mwenye mkono mzito ajabu. Akikupangia mistari kichwani, imenyooka kama imepigwa rula. Akianza kuvuta, unamkumbuka mama yako mzazi. Mteja mmoja alitoka pale macho yamevutwa yakawa membamba, akapita karibu na mumewe mwenyewe na mume akamsalimia kama mgeni. Watu wakawa wanachungulia mlangoni, wakimwona wifi peke yake wanauliza habari za nyumbani na kuondoka.

Wifi akasikia, sijui kwa nani, kwamba kidole kimeshapona. Akafunga saluni asubuhi na mapema, akaenda hospitali. Alimkuta Mkono Pamba amekaa juu ya mpira mkubwa wa mazoezi, ulimi nje, anapepesuka.

"Wifi! Kumbe ndiyo matibabu yenyewe haya?"

"Karibu wifi. Usisimame mbele ya runinga."

"Nisisimame? Wateja wanalia kule, wewe huku unacheza na wanaume wanaotema mate!"

"Wanalia kwa sababu unawanyonga."

Wifi akavuta pumzi puani. Akaweka mkoba chini. "Lete hapa hicho kidude. Kitu gani cha kumshinda mtu mzima."

Akapewa pedi na maelekezo. Ndevu akarusha. Ikaonekana wifi ana kipaji: duara lilikwenda mahali penyewe hasa, mpira ukapita katikati yake kabisa, sawasawa kama uzi kwenye tundu la sindano. Ukapita, ukadakwa, mdakaji akasimama, akaurudisha kwa mrushaji, na hapo ndipo gongo la wifi likazunguka, zito, kama mtu anayegeuza gunia.

Mkono Pamba alicheka mpaka mpira ukamtoka chini ya makalio. Hakupaswa kucheka. Wifi akaitupa pedi kwenye benchi, na yale yaliyokuwa yamefukiwa kwa miaka yakafukuliwa. Walianzia saluni, wakahamia kwenye harusi ya zamani, nani alikalishwa viti vya nyuma na kwa amri ya nani, wakarudi nyuma zaidi mpaka kwenye shati la kijani ambalo mmoja aliliazima na mwingine akalirudisha, au halikurudishwa. Mtaalamu alisimama katikati yao na mikono yake mirefu, anasema "Mama zangu, mama zangu," lakini hana anayemsikia.

Pedi ilikuwa benchini. Hakuna aliyeigusa. Na Ndevu, ambaye alikuwa amerusha tangu mechi inaanza bila kupumzika, alianza kuchoka. Mpira wake mmoja ukaenda pembeni kabisa. Mwingine ukapita juu. Mwingine ukagota chini. Kwa kuwa hakuna aliyebonyeza kitu, mpigaji wa Mkono Pamba alisimama tu ametulia, na baada ya kitambo akaweka gongo chini, akaanza kutembea zake kuelekea kituo cha kwanza kati ya vile vitatu vya kuzunguka uwanja, hana haraka. Akaja mwingine, ikawa hivyo hivyo. Akaja wa tatu.

"Wanatembea!" alipiga kelele yule mzee wa goti. "Jamani, tazameni, wanatembea!"

Wa nne naye akaruhusiwa. Vituo vyote vikiwa vimejaa, aliyetangulia akasukumwa mbele mpaka nyumbani, pale pale alipoanzia. Runinga ikalipuka kwa fataki. Bila kwa bila ikawa moja bila, na muziki ukapigwa.

Wote wakageukia runinga. Wakamkuta mzee amesimama chini yake, mkono juu, anapuliza filimbi ambayo hakuwa nayo. Naye akageuka kuwatazama, akaviona vile vyuma viwili vya kushikilia, mbali kule upande wa pili wa chumba. Akavitazama. Akajitazama miguu.

"Nani kanileta huku?" aliuliza, na kwa woga akaketi sakafuni.

Ilichukua muda kumnyanyua na kumshawishi kwamba amekuja mwenyewe. Ndipo Mtaalamu akamrudia Mkono Pamba, uso umechangamka.

"Mama, umeshinda!"

"Nimeshinda nini? Sikuwa hata nimeshika."

"Inaonekana mipira mibaya ukiiacha ipite, wanakupa ruhusa ya kutembea bure. Sikujua."

"Kwa hiyo nimeshinda kwa kutofanya kitu."

"Ndiyo."

"Basi hata marehemu anaweza kushinda."

Mtaalamu akatoa kipimo chake cha nguvu za vidole, akamwambia abane. Akabana. Mtaalamu akasoma, akapiga kipimo kwenye kiganja, akamwambia abane tena.

"Mama, gumba lako la kulia lina nguvu kuliko la kushoto. Lina nguvu kuliko langu. Sina sababu ya kukuweka hapa. Nakuruhusu."

Ungetegemea afurahi. Wifi alifurahi, alishaanza kuokota mkoba. Lakini Mkono Pamba alibaki amesimama, anakitazama kidole.

"Mtaalamu, mwanangu," alisema. "Mimi sijawahi kuacha kichwa nusu. Niondokeje hapa sijaugusa hata mmoja? Yule wa ndevu atanionaje?"

Mtaalamu akamtazama, akatazama mlango, akapunguza sauti zaidi ya ilivyokuwa. "Njoo Alhamisi. Mara ya mwisho. Ukiulizwa, sema umekuja kurudisha vibanio."

Alhamisi alikuja, na wifi akaja nyuma yake bila kualikwa, eti amekuja kuhakikisha hii kweli ni mara ya mwisho. Mzee alikuwapo pia, sasa na fimbo moja tu, amejiwekea kiti mbele. Mkono Pamba akaketi benchini, akapiga moyo konde, akaanza. Mapema. Mapema. Mapema mno. Watu wake wakatoka mmoja mmoja kwa aibu. Muda ukawa unayoyoma na Ndevu anatafuna tu.

Hapo Mkono Pamba akafanya jambo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilimuuma kuliko kile kiti. Alisogea benchini, akaacha nafasi.

"Wifi."

"Nini?"

"Lile duara... unaliweka vizuri."

"Sijasikia."

"Umesikia. Kaa hapa. Wewe shika upande wa kushoto, mimi nashika wa kulia. Wewe elekeza, mimi napiga."

Wifi akamtazama kwa muda, kama anapima kama kuna mtego. Kisha akaketi. Benchi lilikuwa fupi na wao hawakuwa wembamba, ikabidi kila mmoja apitishe mkono mmoja nyuma ya mwenzake, kama watu wanaopigwa picha. Pedi moja, wanawake wawili.

"Usinivute."

"Usinisukume wewe."

"Kimya, anarusha!"

Mpira wa kwanza gongo liliugusa. Liliugusa tu, ukarudi nyuma juu ya kichwa cha aliyechuchumaa, ukapotelea kwa watazamaji. Chumba kizima kikashtuka, kwa sababu sauti ile, ta!, hakuna aliyewahi kuisikia tangu mashine iletwe.

"Kona!" alisema mzee kwa mamlaka yote.

Ndevu akatema mate. Safari hii hata wifi alichukia. "Hana adabu kweli huyu," alisema. Ndevu akainua mguu, akajikunja, akaachia. Duara likateremka, likatulia. Gumba la kulia la Mkono Pamba lilikuwa peke yake, halina mwenzake wa kumfuata, linasubiri. Baadaye alisema lilimwambia lenyewe. Likashuka.

Mpira ukaruka. Ukapita juu ya Ndevu, naye akageuka kuutazama, mdomo wazi, kile anachotafuna kinaonekana. Ukaenda, ukaenda, ukagonga ukuta wa mwisho wa uwanja ukarudi ndani unadunda, na wachezaji wa mashine wakawa wanaukimbilia wakigongana. Mkono Pamba hakupiga kelele. Alishika kifua kwa mkono wa kushoto, na wa kulia, bila kuambiwa, nao ukashika kifua.

Wifi peke yake ndiye aliyekuwa bado kazini. Alimwona mpigaji wao ametupa gongo, anakimbia upande wa kulia, kuelekea kituo cha kwanza.

"Anakwenda wapi huyu?" alipiga kelele. "Mpira uko kule! We! Rudi!" Akavuta kile kijiti nyuma kwa nguvu zake zote za mkono mzito. Mpigaji akasita katikati ya njia, akageuka, akarudi nyumbani mbio, akamkuta yule mdakaji amemaliza kuchuchumaa, amesimama wima, mpira mkononi, anamsubiri. Akaguswa begani. Maandishi makubwa yakatokea.

Wifi akaachia kijiti taratibu.

"Nilidhani anatoroka," alisema wifi.

Mkono Pamba alicheka, na safari hii wifi naye alicheka, mpaka nesi wa dirisha la dawa akaja kuuliza kama kuna aliyeumia. Kisha Mkono Pamba akaifuta pedi kwa kitambaa, akairudisha kwa mikono miwili, akampa Mtaalamu mkono wa kuaga. Mtaalamu alitabasamu, halafu akakunja uso, halafu akaomba arudishiwe mkono wake.

Jumatatu yake alifungua saluni. Hakumfukuza wifi, kama wengi walivyotarajia. Alimpa chanuo. Tangu hapo wifi hupanga mistari, kazi ya jicho, kisha anasogea pembeni kabla hajavuta kitu, na Mkono Pamba anasuka. Wateja walirudi. Kidole huwa kinalia ka! hewa ikiwa na unyevunyevu, na wateja wanaosinzia hushtuka kidogo, hujiweka sawa, kisha huendelea.

Kitu kimoja tu hakijaisha. Kila ndugu wakikusanyika, lazima kitaibuka: nani aliupiga ule mpira? Wifi anasema bila yeye kuelekeza, gongo lingepiga upepo. Mkono Pamba anasema kuelekeza si kupiga, na hata hivyo aliyemrudisha mkimbiaji anajulikana. Juzi juzi wakiwa mezani, mumewe, aliyekuwa anataka tu kula kwa amani, aliweka kijiko chini akasema kwamba kwa maoni yake aliyeupiga mpira ni yule mchezaji wa kwenye runinga.

Wifi akamtazama Mkono Pamba. Mkono Pamba akamtazama wifi. Kisha wote wawili wakamgeukia yeye, na chakula chake akakimalizia jikoni, amesimama.